Mionzi ya titi wiki tatu badala ya tano: nimepunjwa?

Tangu toleo lililopita tulipogusia tiba ya mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya titi, jumbe zimemiminika. Nyingi zinauliza jambo moja: mbona mwingine anapewa siku 25, mwingine 15, na huko Ulaya wapo wanaomaliza kwa siku 5? Safu yote ya leo tumeliachia suala hilo. Majibu ni ya daktari bingwa wa saratani na mtaalamu wa fizikia ya tiba.

Daktari, salaam. Nina miaka 52. Nilitolewa uvimbe titi la kulia, titi lenyewe likabaki. Dada yangu aliugua ugonjwa huu mwaka 2009 akapigwa mionzi siku 25. Mimi nimeandikiwa 15. Majirani wanasema nimepunguziwa kwa sababu natumia bima. Ni kweli?
*Msomaji, Tabora*

Hujapunjwa, mama. Vikao 15 ndicho kipimo cha kawaida leo kwa mwanamke mwenye hali kama yako, na anayelipa taslimu katika hospitali ya bei ghali angeandikiwa hicho hicho.

Tuanze na hesabu. Mionzi hupimwa kwa grei. Utaratibu wa zamani wa siku 25 ulitoa grei 50 kwa jumla: grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Huu wa siku 15 unatoa grei 40, yaani grei 2.67 kila siku kwa wiki 3. Ukitazama jumla peke yake utasema umekatwa grei 10. Lakini grei hazijumlishwi kama kilo za mchele. Dozi ya kikao kimoja ikipanda, madhara yake kwa seli hupanda kwa kasi kuliko dozi yenyewe, kwa sababu seli iliyopigwa kidogo hujikarabati kabla ya kesho yake, na iliyopigwa kwa nguvu hushindwa. Ndiyo maana dozi ya kikao ikiongezwa, jumla lazima ishushwe. Anayeongeza ya kikao bila kushusha jumla anamuunguza mgonjwa.

Kwa miongo mingi madaktari walishikilia siku 25 kwa imani kwamba saratani, tofauti na ngozi, misuli na mishipa, haijali sana ukubwa wa kikao, inajali jumla tu. Kama ni hivyo, basi vikao vidogo vingi vinaiua saratani huku vikiinusuru nyama nzima. Kwa saratani nyingi za kichwa na shingo hilo ni kweli hadi leo. Kwa titi, majaribio yalionyesha vingine: seli za saratani yake huitikia ukubwa wa kikao karibu sawa na nyama nzima iliyo jirani. Kwa hiyo kuikatakata dozi vipande vidogo vidogo hakumpi mgonjwa wa titi ile nafuu iliyotarajiwa.

Ushahidi wenyewe si wa jana. Kanada iliwagawa wanawake 1,234 kati ya 1993 na 1996: wengine grei 50 kwa vikao 25, wengine grei 42.5 kwa vikao 16. Baada ya miaka 10 saratani ilikuwa imerudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 6.7 ya waliopewa 25, na asilimia 6.2 ya waliopewa 16. Uingereza, katika jaribio liitwalo START B lenye wanawake 2,215, ilishindanisha grei 50 kwa vikao 25 na grei 40 kwa vikao 15. Miaka 10 baadaye ugonjwa ulikuwa umerudi kwenye titi au tezi za jirani kwa asilimia 5.5 upande wa vikao 25, na asilimia 4.3 upande wa vikao 15. Tofauti hizo ni ndogo, hazitoshi kudai kwamba mfupi unaua saratani zaidi. Zinatosha kusema haupungukiwi. Tena katika jaribio la Uingereza, matiti yaliyopewa grei 40 yalisinyaa na kukakamaa kidogo kuliko yale ya grei 50.

Kuhusu bima, fikiria hivi: pale hospitali inapolipwa kwa kila kikao, mgonjwa wa vikao 15 huiingizia pesa kidogo kuliko wa 25. Anayepata ahueni ni wewe, kwa nauli, kwa siku za kulala kwa ndugu au hosteli, na kwa kazi uliyoiacha nyumbani. Anapata pia mwenzako aliye kwenye foleni: mashine yenye nafasi 1,000 itahudumia wanawake 40 kwa vikao 25, au 66 kwa vikao 15. Katika nchi ambayo mtu anatoka Kigoma kwenda Mwanza au Dar es Salaam kutafuta mionzi, hilo si jambo dogo. Na aliyeandikiwa 25 akaishiwa nauli siku ya 17 amepata tiba pungufu kuliko aliyemaliza 15 zake.

Ukitaka kujiridhisha, muulize daktari mambo mawili: jumla ya grei na idadi ya vikao. Ukisikia 40 kwa 15, au 42.5 kwa 16, uko mahali pake. Ukisikia 40 kwa vikao 20 vya grei 2, hapo ndipo pa kuuliza sababu, maana jumla imeshushwa bila dozi ya kikao kupandishwa.

Hujambo daktari. Mamangu ana miaka 61, uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 1.8 na tezi za kwapa hazikuwa na kitu. Nimesoma kuwa Uingereza mtu kama yeye humaliza kwa siku tano. Kwa nini hapa ameandikiwa wiki tatu?
*Msomaji, Nakuru*

Ulichosoma ni sahihi. Jaribio la FAST-Forward liliandikisha wagonjwa 4,096 katika hospitali 97 za Uingereza kati ya 2011 na 2014. Kundi moja lilipata grei 40 kwa vikao 15, la pili grei 27 kwa vikao 5, la tatu grei 26 kwa vikao 5, vikao vyote vitano ndani ya wiki moja. Matokeo ya miaka 5 yalitoka mwaka 2020: saratani ilirudi kwenye titi kwa asilimia 2.1, 1.7 na 1.4, kwa mpangilio huo huo. Mwaka 2023 taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya tiba ya Uingereza, iliweka grei 26 kwa vikao 5 kuwa chaguo lake kwa wengi wanaopigwa mionzi ya titi zima au ukuta wa kifua bila tezi. Mama yako, kwa maelezo uliyotupa, anafaa kuuliziwa.

Tunaomba hata hivyo utazame kwa makini tofauti ya yale makundi mawili ya siku 5. Kati yake kuna grei 1 tu. Lakini madaktari walipowakagua wanawake baada ya miaka 5, madhara ya wastani au makubwa kwenye titi (kukakamaa, kusinyaa, uvimbe) yalikuwa asilimia 9.9 kwa vikao 15, asilimia 11.9 kwa grei 26, na asilimia 15.4 kwa grei 27. Grei 1 ndiyo iliyoleta pengo hilo la mwisho, na ndiyo maana ikachaguliwa 26.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Mpango wa siku 5 hauvumilii upangaji wa kubahatisha. Katika titi lolote kuna sehemu zinazopata mionzi zaidi ya ilivyokusudiwa, hasa juu na chini ya titi kubwa. Sehemu ikizidishiwa asilimia 7, kwa mpango wa grei 26 inapata 27.8, yaani imeshapita ile 27 iliyoonyesha madhara zaidi. Kwa hiyo mpango huu unadai CT scan ya kupimia, kompyuta inayochora dozi kwenye titi zima, na mbinu ya kuongeza visehemu vidogo vya mionzi ndani ya kile kikubwa ili kusawazisha. Jaribio lilitaka eneo linalozidi asilimia 105 lisivuke asilimia 5 ya titi, na linalozidi 107 lisivuke asilimia 2.

La pili ni mkao. Kikao kimoja kikikosewa kati ya 25, umeharibu asilimia 4 ya tiba. Kikikosewa kimoja kati ya 5, umeharibu asilimia 20. Kwa sababu hiyo picha ya kuhakiki mkao huhitajika, na mashine isiyo na kamera hiyo haifai kwa mpango huu. Hospitali inayokupa vikao 15 kwa sababu haina vifaa hivyo imemtendea mama yako haki. Inayokubali kumpa 5 bila vifaa hivyo ndiyo ya kuogopwa.

Basi nenda na maswali haya: Je, mnapanga kwa CT? Mnapiga picha ya kuhakiki kila kikao? Mnafanya vikao 5? Yakijibiwa ndiyo yote matatu, muulize bingwa kama mama anafaa. Likijibiwa hapana hata moja, vikao 15 visikutie wasiwasi.

Daktari, mke wangu ana miaka 44. Ametolewa titi lote la kushoto, na tezi 5 kati ya 14 za kwapani zilikuwa na saratani. Kemo amemaliza. Ameambiwa mionzi vikao 15 kifuani na juu ya mtulinga. Hali yake ni nzito kuliko ya wengine, je, wiki 3 zitamtosha kweli?
*Msomaji, Musoma*

Zinatosha, kaka, na swali lako lina uzito, maana wagonjwa wengi wa kwetu hufika wakiwa katika hali kama ya mkeo, si ile ya uvimbe mdogo inayojaa kwenye majaribio ya Ulaya. Jaribio linalomhusu yeye hasa lilifanyika Beijing: wanawake 820 waliotolewa titi zima, wenye uvimbe mkubwa au tezi 4 na zaidi zilizoathirika. Walipigwa kifuani na juu ya mtulinga, ama grei 50 kwa vikao 25, ama grei 43.5 kwa vikao 15. Miaka 5 baadaye ugonjwa ulikuwa umerudi kifuani au kwenye tezi kwa asilimia 8.1 na 8.3. Hiyo ni sawa kwa sawa.

Daktari mmoja au wawili wanaweza kukutisha kuhusu mishipa ya fahamu inayopita begani kwenda mkononi. Hofu hiyo ina asili yake. Uingereza, miaka ya 1980, wapo wanawake waliopooza mikono baada ya mionzi. Baadhi yao walipewa vikao vikubwa, na wengine waligeuzwa mkao kati ya kupigwa kifua na kupigwa kwapa, vipande viwili vya mionzi vikapishana juu ya mishipa hiyo hiyo. Wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakadai majibu. Leo mgonjwa hupigwa sehemu zote akiwa katika mkao mmoja, na mpaka kati ya kifua na mtulinga hupangwa kwa kompyuta. Dozi nayo imeshuka: ukipiga hesabu kwa mishipa ya fahamu, grei 40 kwa vikao 15 ni sawa na takriban grei 47 zikitolewa mbili mbili, yaani chini ya zile 50 za zamani.

Mkono kuvimba ni jambo jingine, na husababishwa zaidi na kuondolewa tezi kwapani pamoja na kupigwa mionzi hapo, si na ufupi wa ratiba. Jaribio la Ufaransa lililotoa matokeo mwaka 2024 lilikuta kwamba kuvimba mkono hakukuzidi kwa waliopewa vikao 15 ukilinganisha na 25. Vile vikao 5 tulivyovieleza juu hatushauri kwake: palipo na tezi, 15 ndivyo vyenye ushahidi uliokomaa.

Mambo matatu ya kufuatilia. Mionzi huanza wiki 3 hadi 4 baada ya dripu ya mwisho ya kemo, damu ikishapanda. Kama ngozi ya titi ilikuwa imeathirika, atawekewa juu ya kovu blanketi la jeli lenye unene wa milimita 5 hivi, kwa sababu mionzi ya Linac (mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme) hufikisha nguvu yake kamili milimita kadhaa chini ya ngozi. Blanketi huileta juu, na huongeza kuungua, kwa hiyo ajiandae. Tena titi lake ni la kushoto, karibu na moyo. Aulize kama wanafanya kikao akiwa ameshikilia pumzi. Akivuta pumzi kwa kina na kuishikilia sekunde 20 hivi, mapafu hujaa na moyo husogea mbali na kifua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba kila grei 1 ya wastani inayoingia moyoni huongeza hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, kwa hiyo juhudi hiyo ina maana yake. Ajizoeze nyumbani, kalala chali, mara kadhaa kwa siku.

Shikamoo daktari. Nimeenda kupimwa kwa ajili ya mionzi nikarudishwa kwa sababu mkono haupandi juu ya kichwa, na chini ya kovu kuna maji. Kwani mkono unahusiana nini na titi?
*Msomaji, Lindi*

Marahaba. Unahusiana sana. Mionzi ya titi haipigwi kutoka mbele ikaingia kifuani moja kwa moja, maana ingepita mapafu na moyo. Hupigwa kwa ubavu, mishale miwili inayokabiliana, mmoja ukitoka upande wa katikati ya kifua na mwingine upande wa kwapa, ikilikwangua titi bila kuzama ndani. Mkono ukiwa chini unaziba njia ya ule wa kwapani. Utalala chali juu ya kibao chenye mteremko, mikono yote miwili juu ya kichwa imeshika vishikio, na utabaki hivyo dakika 15 hadi 20 bila kujongea.

Zoezi ni rahisi ila linataka uvumilivu. Simama ukitazama ukuta, weka vidole, pandisha kidogo kidogo kama vinatambaa hadi usikie kuvutwa, kaa hapo ukihesabu mpaka 10, shuka. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kisha lala chali, shikanisha viganja, uinue mikono yote kwa pamoja, ule mzima ukiubeba ule wa upande uliopasuliwa. Kamba ngumu ikijitokeza kwapani kuelekea kiwiko, usiiogope na usiache zoezi. Mwone mtaalamu wa viungo. Kumeza dawa ya maumivu nusu saa kabla kunasaidia.

Maji nayo yana sababu yake ya kukurudisha. CT ya kupimia ikipigwa maji yakiwepo, kifua chako kina umbo moja; yakinyonywa au kukauka wiki inayofuata, umbo limebadilika, na mpango wote uliochorwa hauko tena juu ya mwili wako. Yanyonywe kwanza, yatulie, ndipo upimwe. Usisubiri sana, lakini. Kwa asiyehitaji kemo ni vizuri mionzi ianze ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji, na isipite 12.

Siku ya kupimwa utawekewa waya mwembamba juu ya kovu na kuzunguka titi ili vionekane kwenye picha. Mistari ya leza itashuka kifuani na ubavuni, na pale inapokatana utachanjwa nukta tatu za wino, kila moja kama ncha ya kalamu. Kwenye ngozi nyeusi sana nukta hizo hupotea machoni, kwa hiyo baadhi ya vituo hutumia kalamu ya wino mzito na kufunika alama kwa utepe angavu. Ukipewa hiyo, usisugue kwa dodoki wala kupaka mafuta juu yake. Alama ikianza kufutika sema kabla ya kulala kitandani, na usiichore mwenyewe nyumbani: kosa la milimita chache utalirudia kila siku.

Nimemaliza vikao 15 juzi. Ngozi chini ya titi imekuwa nyeusi tititi, inawasha na imeanza kuchubuka. Shangazi ananiambia nipake liwa na manjano. Nifanyeje?
*Msomaji, Mombasa*

Liwa na manjano viache kwa sasa, dada, pamoja na ndimu, karafuu, na mafuta yoyote yenye manukato. Ngozi iliyopigwa mionzi imepoteza ukuta wake wa juu. Kitu kinachokausha au kuwasha huichana.

Unachokiona ni kawaida, na hakijafika kileleni. Watu wengi hudhani wakimaliza vikao ngozi itaanza kupona siku hiyo hiyo. Huwa kali zaidi wiki moja hadi mbili baada ya kikao cha mwisho, kisha hupona kwa wiki 3 au 4. Aliyepigwa vikao 5 ndiye hushtuka zaidi, kwa kuwa madhara humwanza akiwa ameshafika nyumbani, mbali na kituo. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwetu huwa nyeusi zaidi, ya moto ukiigusa, na kavu, na muuguzi asiyezoea anaweza asiione. Mwambie unavyohisi.

Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, kwa kiganja, kisha kausha kwa kugusagusa na kanga laini iliyofuliwa. Paka losheni ya kawaida isiyo na manukato mara mbili kwa siku pale palipo pakavu. Kuwasha kukizidi, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 husaidia, ila si juu ya kidonda. Chini ya titi na kwapani ndiko jasho hukaa: weka kitambaa cha pamba kati ya titi na kifua, sidiria yenye waya iweke kabatini. Palipochubuka na kutoa maji, osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, weka krimu ya silva safadiazini na shashi isiyonata. Plasta isiguse ngozi hiyo, maana ukiibandua inatoka nayo. Homa, usaha au harufu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Weka na hili akilini kwa miezi 6 ijayo: ukipata kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, mwambie daktari yeyote atakayekuona kwamba ulipigwa mionzi kifuani. Wachache hupata uvimbe wa mapafu utokanao na mionzi, unatibika kwa vidonge vya steroidi, na asiyejua historia yako anaweza kukuanzishia dawa za kifua kikuu bure.

Nilikuwa nimefika kikao cha 9 mashine ikaharibika. Ni siku ya nne leo. Nitaanza upya?
*Msomaji, Bukoba*

Hapana, huanzi upya, na vile 6 vilivyobaki usiviache. Saratani ya mlango wa kizazi na ya kichwa na shingo ndizo huadhibu zaidi pengo la siku. Ya titi huvumilia kiasi. Mashine ikipona, kituo kinaweza kukuongezea kikao cha Jumamosi, au kukupa viwili kwa siku moja vikipishana saa 6 au zaidi. Kwa mpango wa vikao 5 hilo la viwili kwa siku hatulishauri. Kilichokosekana husukumwa mbele. Pengo likizidi wiki, mwombe mtaalamu wa fizikia apige hesabu kama dozi inahitaji kurekebishwa.

Ukihamishiwa kituo kingine usiende mikono mitupu. Chukua karatasi ya tiba inayoonyesha grei kwa kikao, vikao vilivyofanyika na tarehe zake, na nakala ya mpango kwenye diski. Kuhama kutoka Linac kwenda kobalti (mashine ambayo mionzi yake hutoka kwenye chanzo cha madini ya kobalti) au kinyume chake hulazimu mpango mpya. Na kwa walio kwenye kobalti: chanzo chake hupungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi na kubaki nusu baada ya miaka 5.3 hivi, kwa hiyo mwenzako aliyepigwa mwaka juzi kwa dakika chache kuliko wewe hakupewa dozi tofauti na yako.

Maswali mafupi

*Nina miaka 36, nimeambiwa vikao 15 na vingine 5 juu yake. Mbona vinaongezeka?* (Morogoro) Hiyo ni nyongeza inayoelekezwa pale uvimbe ulipokuwa, kwa kawaida grei 10 hadi 16 mbili mbili. Walio chini ya miaka 50 ndio hunufaika zaidi, kwa sababu kwao ugonjwa hurudi hapo kwa urahisi. Vituo vingine huichanganya ndani ya vikao 15 vile vile, eneo la uvimbe likipata grei 48. Jaribio la Uingereza lilionyesha hilo ni salama. Uliza kama kwenu linafanyika.

*Naweza kufunga Ramadhani wakati wa mionzi? Na kumbeba mjukuu?* (Unguja) Mjukuu mbebe bila hofu, mionzi ya mashine haibaki mwilini. Kufunga hakuharibu mionzi ya titi, ila mgonjwa ana ruhusa ya dini, na kama una kisukari, unaendelea na kemo au ngozi imechubuka, tumia ruhusa hiyo.

*Bibi yangu ana miaka 73, uvimbe ulikuwa wa sentimita 1.2, tezi safi, unaitikia homoni. Lazima apelekwe mionzi?* (Iringa) Si lazima. Jaribio la PRIME II lilifuatilia wanawake 1,326 wa miaka 65 na zaidi wenye uvimbe usiozidi sentimita 3. Baada ya miaka 10 saratani ilirudi kwenye titi kwa asilimia 9.5 ya wasiopigwa mionzi, na asilimia 0.9 ya waliopigwa. Idadi ya waliokuwa hai ilikuwa sawa. Uamuzi ni wake baada ya kuelezwa hayo. Masharti ni kwamba kingo za nyama iliyokatwa ziwe safi na ameze vidonge vya kuzuia homoni miaka 5 bila kuruka. Akiona hataweza kuvimeza, kwa joto la mwili au maumivu ya viungo, arudi kwa daktari mapema, maana hapo suala la mionzi linafunguliwa upya.